MTENDE ULIOKUFA PASI NA SHOKA

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeyajaalia maji kuwa ni uhai wa viumbe, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo: liko suala ambalo wenye akili wamelifikiri tangu zamani, nalo ni hili. Kitu kikifa, na usionekane mkono uliokipiga, je! yafaa kusema kwamba hakuna aliyekiua? Mtu akiukata mti wa mwenziwe kwa shoka, kila mtu amjua mkosa, na kadhi ajua la kuhukumu. Lakini mti ukinyauka kwa kiu, kwa kuwa maji yaliyokuwa yakiunywesha yamezuiwa mbali, mwendo wa siku nyingi, na mtu ambaye hakupata kuuona mti huo wala hakuukusudia ubaya, hapo ndipo ndimi zinapobabaika. Huyu husema ni kudra ya Mungu. Huyu husema ni ukame. Huyu husema ni kosa la serikali. Na katika maneno yote hayo mti umekwisha kufa, wala hakupatikana wa kuulizwa.

Suala hili si la kupitishia wakati barazani. Katika nchi ya Iraq limekuwa ni suala la mitende, na mashamba, na maji ya kunywa ya watu. Kwa hiyo yafaa lipimwe kwa mizani ya sharia na ya akili, lisiachwe kwa wenye kupiga makelele wala kwa wenye kunyamaza.

Iraq tangu kale huitwa nchi ya mito miwili. Mito yenyewe ni Dijla na Furati, nayo yote huchimbuka katika milima ya Uturuki. Furati hupita nchi ya Syria ndipo ukaingia Iraq. Dijla huteremka kwa njia ya Mosul na Baghdad, ukipokea mito mingine, na baadhi yake yatoka katika milima ya Iran. Mito hii miwili hukutana mahali paitwapo Qurna, ikawa mto mmoja uitwao Shatt al-Arab, nao huenda kiasi cha kilomita 200 hata ukaingia baharini katika Ghuba. Ukingoni mwake ndipo ulipo mji wa Basra, ulioasisiwa na Waislamu katika ukhalifa wa Sayyidna Umar R.A.

Watu wa mwambao wa Afrika ya Mashariki hawakuwa wageni wa Basra. Kwa miaka mingi majahazi ya Ghuba yalipakia tende katika Shatt al-Arab baada ya mavuno, yakashuka na upepo wa kaskazi hata Lamu, Mombasa na Unguja. Na yaliporejea na kusi yalichukua boriti za mikoko, zikaenda kubeba dari za nyumba katika nchi zisizo na miti ya kujengea. Basi mti wa huku ulibeba dari ya kule, na mti wa kule ulifuturisha watu wa huku. Biashara ile imekwisha pamoja na majahazi yake, lakini si haki kwa watu waliofuturu kwa tende za Basra, wao na wazee wao, kusema kwamba khabari za mtende ule haziwahusu.

Mitende ya Basra ilikuwa na jambo la ajabu, na mtu wa pwani atalifahamu upesi kuliko mtu wa bara. Bahari hujaa na kupwa mara mbili katika mchana na usiku. Bahari ya Ghuba inapojaa, huyasukuma maji ya mto yakarudi nyuma. Na kwa kuwa mto ulikuwa na nguvu, yaliyorudi hayakuwa maji ya chumvi, bali maji matamu ya mto wenyewe. Yalipanda, yakaingia katika mifereji mingi iliyochimbwa kutoka ukingoni hata ndani ya mashamba, yakainywesha mizizi. Na bahari ilipopwa yakatoka, yakachukua pamoja nayo chumvi ya ardhi. Mkulima hakuhitaji ng'ombe wa kuvuta maji wala mtambo. Bahari ilimfanyia kazi, na mto ulimkinga na chumvi ya bahari.

Neema ile ilisimama juu ya sharti moja: mto uwe na maji ya kutosha kuizuia bahari. Sharti hilo limevunjika. Maji yatokayo juu yamepungua sana, na mto Karun, utokao Iran na kuingia Shatt al-Arab karibu na mlango wake, nao umepungua. Basi bahari ile ile, kwa kujaa kule kule, sasa huingiza chumvi katika mifereji ile ile. Jambo lililokuwa likihuisha limekuwa likiua, na bahari haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kile kilichokuwa kikija kutoka juu.

Mtende huvumilia chumvi kuliko miti mingi ya matunda, lakini uvumilivu wake una mpaka. Kwanza hupunguza kuzaa, kisha makuti hukauka, na mwisho kilele hufa. Na mtende, kama mnazi, shina lake lina kilele kimoja tu. Kikifa hauchipui tena, hubaki gogo lililosimama. Katikati ya karne ya ishirini mitende ya Iraq ilikisiwa kuwa kiasi cha milioni 30. Karne hii ilipoanza ilikuwa imebaki kiasi cha nusu. Mingi iliangamizwa na vita vya Iraq na Iran, vya mwaka 1980 hata 1988, kwa kuwa Shatt al-Arab ulikuwa ndio mpaka wenyewe wa vita. Lakini mizinga iliponyamaza, chumvi haikunyamaza. Na isidhaniwe kwamba madhara ni ya miti tu. Mwaka 2018 maji ya Basra yaliharibika kwa chumvi na kwa uchafu, hata watu wasiopungua 118,000 wakaingia hospitali.

Hapa yafaa akumbukwe mtu mmoja. Imamu Mawardi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafi, alizaliwa Basra mwaka 364 wa Hijra, akafa Baghdad mwaka 450. Katika kitabu chake cha hukumu za utawala aliigawa mito mafungu matatu. La kwanza ni mito mikubwa ambayo Mwenyezi Mungu ndiye aliyeipitisha wala haikuchimbwa na wanaadamu, na mfano aliotoa ni Dijla na Furati. Akaeleza kwamba maji ya mito hii yatosha mashamba na yatosha wanywaji, wala haiwezekani kufikiriwa kwamba yatapungua hata watu wakagombana. Ugomvi na zamu aliviweka katika fungu la mito midogo.

Mwanachuoni huyu hakuwa mjinga wa khabari za mito. Alizaliwa ukingoni mwake. Lakini katika zama zake hapakuwa na mwanaadamu aliyeweza kuufunga Furati. Ukame ulikuwapo, na mafuriko yalikuwapo, lakini mkono wa kuushika mto mzima na kuuweka ndani ya ukuta haukuwapo. Leo upo. Basi hukumu ya mto mkubwa aliyoitaja imesimama juu ya wingi wa maji, na wingi ukiondoka, mto mkubwa umeingia katika hukumu ya mto mdogo: una aliye juu na aliye chini, una zamu na mpaka, na una kuulizwa.

Kuzuiwa kwenyewe kulikuwa hivi. Syria ilijenga ukuta wa Tabqa juu ya Furati, na maji yalipoanza kujazwa humo katika miaka ya sabini, mwaka 1975 Syria na Iraq zilikaribia kupigana. Uturuki ilijenga Keban, kisha Karakaya, kisha ukuta mkubwa kuliko hizo, wa Atatürk, ambao bwawa lake huchukua zaidi ya mita za ujazo bilioni 48. Mwezi wa Januari 1990, ili bwawa hilo lianze kujaa, Furati ulizuiwa kwa muda wa mwezi mmoja. Juu ya Dijla umejengwa ukuta wa Ilisu, ambao bwawa lake limejazwa tangu mwaka 2019 na 2020. Iran nayo imejenga mabwawa juu ya Karun, na Karkheh, na mito mingine ambayo maji yake yalikuwa yakifika Iraq.

Na ni wajibu wa mwenye kutafuta haki kumsikiliza aliye juu kabla ya kumhukumu. Wakulima wa kusini mashariki ya Uturuki walikuwa maskini, na mvua zao chache, na mto mkubwa ukipita bondeni mwao pasi na kuwanufaisha. Serikali yao ilipanga mabwawa 22 ili kumwagilia ardhi na kupata umeme, na nchi kavu ya Harran ilipopata maji mwaka 1995 watu wake walifurahi, na ni haki yao kufurahi. Nao pia wana watoto. Lau kama haki ingekuwa upande mmoja tu, suala hili lisingekuwa na uzito wowote.

Hata hivyo, kufurahi ni kitu na hoja ni kitu kingine. Mwaka 1992 Süleyman Demirel, aliyekuwa waziri mkuu wa Uturuki, alitoa hoja iliyopata kusikilizwa sana: kwamba Uturuki haidai sehemu katika mafuta ya Waarabu, basi na Waarabu wasidai sehemu katika maji ya Uturuki. Maneno haya yapendeza masikioni, lakini yakipimwa hupungua. Mafuta yamekaa mahali pake chini ya ardhi. Mwenye nchi akiyatoa, hayakuwa njiani kwenda kwa mtu mwingine. Mto ni kitu kipitacho. Haukuanza na aliye juu wala haukukusudiwa kuishia kwake, na kabla hajaupiga ukuta ulikuwa umekwisha kunywewa huko chini kwa maelfu ya miaka. Tena Mtume S.A.W. ameyahesabu maji miongoni mwa vitu vitatu ambavyo Waislamu ni washirika ndani yake, wala hakuyahesabu pamoja na vile vya kufungiwa sandukuni.

Je! sharia yamnyima aliye juu haki yake? La, haimnyimi. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Zubeir bin Awwam R.A., naye ni mwana wa shangazi yake Mtume, aligombana na mtu wa Ansari juu ya mifereji ya maji ya Harra, mahali pa Madina. Shamba la Zubeir lilikuwa juu. Mtume S.A.W. akamwamrisha amwagie, kisha ayaachilie maji yamwendee jirani yake. Yule Ansari hakuridhika, akadai kwamba Zubeir amependelewa kwa ujamaa. Hapo Mtume akampa Zubeir haki yake timamu, nayo ni ayazuie maji hata yafike kwenye kitako cha kuta za shamba. Wanavyuoni wameeleza kwamba amri ya kwanza ilikuwa ni suluhu na wema, na ya pili ilikuwa ni haki kamili. Na azingatie msomaji: hata haki kamili ilikuwa na mpaka. Ilifika ukutani ikasimama. Na katika mabonde mawili ya Madina, Mahzur na Mudhaynib, hukumu ilikuwa kwamba aliye juu ayazuie maji hata yafike vifundoni mwa miguu, kisha amwachilie aliye chini.

Basi aliye juu amepewa kutangulia, hakupewa kumaliza. Wala kutangulia kwake si katika kila hali. Imamu Nawawi na wengineo katika madhehebu ya Shafi wameeleza kwamba watu wakiwa wamekwisha kuhuisha ardhi zao juu ya mto, kisha akaja mwingine kuhuisha ardhi mpya kwa maji ya mto ule ule, na ikawa atawadhiki wa mwanzo, huzuiwa. Sababu yake ni kwamba wa mwanzo waliimiliki ardhi pamoja na manufaa yake, na maji ni katika manufaa makubwa. Mitende ya Basra ilikuwapo kabla ya Harran kuona mfereji wa Furati. Mwenye kuja baadaye, ijapokuwa yuko juu, hakuja katika nchi tupu.

Watu wengine huikwepa hukumu kwa mlango wa kudra. Husema: mvua imepungua, na mvua ni ya Mungu, basi alaumiwe nani? Ni kweli kwamba mvua imepungua. Miaka ya 2020 hata 2023 ilikuwa ya ukame mkali katika nchi zile, na wataalamu wa hali ya hewa wameeleza kwamba joto la dunia, ambalo nalo lina mikono ya wanaadamu ndani yake, limeuzidisha. Lakini ukame ndio wakati ambapo mpaka wa haki unahitajiwa zaidi. Maji yanapofurika hakuna mwenye kuhitaji kadhi. Tena mwenye kuamini kudra hakuruhusiwa kuifanya ngao ya dhulma. Sayyidna Umar R.A., alipokuwa njiani kwenda Sham, alipata khabari ya tauni akarejea. Alipoulizwa kama anaikimbia kudra ya Mungu, alijibu kwamba anaikimbia kuiendea kudra ya Mungu vile vile, akapiga mfano wa mtu mwenye ngamia katika bonde lenye pande mbili, moja yenye majani na moja kavu. Popote atakapowalisha ni kwa kudra. Maana yake ni kwamba kuchagua kumo mkononi mwa mtu. Mvua haina kufuli. Lango la bwawa linalo, na ufunguo wake wajulikana uliko.

Wengine husema: aliyejenga ukuta hakukusudia kuua mtende. Alikusudia umeme na ngano. Hili ndilo fundo la suala lenyewe. Sharia imelijibu katika jambo zito kuliko mtende, nalo ni roho ya mtu. Katika Minhaji ya Imamu Nawawi, kitabu ambacho wanavyuoni wa pwani wamekisomesha kwa vizazi, imeelezwa kwamba mtu akimfungia mwenziwe, akamzuia chakula na kinywaji na njia ya kuvitafuta, hata ukapita muda ambao mfano wake hufa kwa njaa au kwa kiu, naye akafa, basi ni kuua kwa kusudi. Hakushika upanga, wala hakumgusa. Asema nini mbele ya kadhi? Akisema kwamba alichotaka ni kufunga mlango tu, hakubaliwi, kwa kuwa ajua kiu humfikisha mtu wapi. Mtende si mtu, wala dola si mtu mmoja, na haisemwi hapa kwamba hukumu ya kisasi ihamishwe. Lakini maana yenyewe ni moja: mwenye kukizuia kitu ambacho uhai hausimami ila kwacho, naye ajua, ameshika silaha.

Na maana hii haikuwa ngeni katika nchi ile hata kabla ya Uislamu. Mfalme Hammurabi wa Babeli, kiasi cha miaka 1,750 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa A.S., aliandika sharia zake juu ya jiwe, na jiwe hilo lilionekana mwaka 1901 likapelekwa Ufaransa. Humo imo hukumu ya mwenye kuukata mti katika bustani ya mtu pasi na idhini yake: alipe fedha kiasi maalumu. Lakini humo imo pia hukumu ya mtu aliyefanya uvivu wa kulitengeneza boma la maji lake, likabomoka, maji yakaharibu shamba la jirani: alipe nafaka iliyopotea. Huyu wa pili hakushika shoka, wala hakumchukia mtu. Alikuwa mvivu tu juu ya maji, na uvivu wake ukahesabiwa.

Imebaki hoja ya mwisho, nayo ndiyo yenye nguvu katika nyoyo za watu: kwamba wakosa ni wengi mno, na penye wakosa wengi hakuna mkosa. Uturuki huinyoshea kidole Syria, Syria huinyoshea Uturuki, Iran hunyamaza, na Iraq huwalaumu wote. Katika zama za Sayyidna Umar R.A. mtu mmoja aliuawa Yemen na watu kadhaa waliosaidiana, na kila mmoja pengine alisema kwamba pigo lake silo lililoua. Sayyidna Umar aliwahukumu wote, akaeleza kwamba lau wangeshirikiana watu wa Sanaa wote kumuua, angewahukumu wote. Dhambi si mkate, kwamba ikigawanywa kwa watu kumi kila mmoja hupata kipande kidogo.

Na hesabu hii ikifunguliwa kwa haki, watu wa Iraq wenyewe hawatoki humo. Baada ya uasi wa mwaka 1991, serikali ya Saddam Hussein iliyakausha mabwawa makubwa ya matete ya kusini, yaitwayo Ahwar, kwa kujenga maboma na mifereji ya kuyapitisha maji mbali, ili wapinzani wake wasipate maficho. Katika miaka michache zaidi ya sehemu tisa katika kumi za nchi ile ya maji ikawa vumbi, na watu wake wakatawanyika. Aliyefanya hayo hakuwa Mturuki. Hata leo sehemu kubwa ya maji ya Iraq huenda katika mashamba, na mengi humwagwa kwa namna ya zamani, kwa kuyafurikisha tu juu ya ardhi kutoka mifereji isiyofunikwa, jua likanywa sehemu yake. Na maji ya vyoo vya miji huingizwa mtoni pasi na kusafishwa, ili wayakute walio chini. Anayelia kwa sababu ya jirani wa juu, naye ana jirani wa chini.

Chumvi yenyewe ni adui wa zamani katika nchi ile. Ardhi ikifurikishwa na isipate njia ya kutoa maji, chumvi hupanda juu. Na watu wa kale wa Sumeri walilima shayiri zaidi na ngano kidogo, na wataalamu wengi husema ni kwa sababu shayiri huvumilia chumvi. Katika karne ya tatu ya Hijra matajiri wa Basra waliwatumia watumwa walioitwa Zanj, waliotolewa Afrika, kuikwangua chumvi ile juu ya ardhi kwa mikono yao. Mateso yale yaliwatoa katika utiifu, na vita vyao, tangu mwaka 255 hata 270, vilikaribia kuivunja dola. Basi nchi ile imekwisha onywa. Khasara ya maji yaliyotumiwa vibaya haikai shambani. Hutafuta mgongo wa mnyonge ikakaa juu yake, na mwishowe humrudia mwenye shamba.

Lakini kukata tamaa hakukuruhusiwa, na khabari za nchi ile ile zatosha kuwa dalili. Mwaka 2003, serikali ile ilipoanguka, watu wa Ahwar walikwenda kwa mikono yao na majembe yao wakayabomoa maboma. Maji yakarejea katika sehemu kubwa, na matete yakaota, na ndege wakashuka, na baadhi ya watu wakarudi na nyati wao wa maziwa. Mwaka 2016 mahali pale paliandikwa na UNESCO katika turathi za dunia. Ukame wa baadaye umepapunguza tena. Lakini jambo lililorudi kwa kubomolewa boma haliwezi kuitwa kudra isiyo na mkono wa mtu. Katika mapatano vile vile yamekuwako ya kuanzia. Mwaka 1987 Uturuki iliahidi kuiachia Syria mita za ujazo 500 kwa kila sekunde katika Furati. Syria na Iraq zikakubaliana kwamba Iraq ipate asilimia 58 ya yafikayo Syria. Na mwezi wa Aprili 2024 Uturuki na Iraq zilitia sahihi mapatano ya kushirikiana katika maji. Kilichopungua ni mkataba mmoja unaozifunga dola zote nne, Uturuki, Syria, Iraq na Iran, wenye mpaka ujulikanao kama ulivyojulikana ukuta wa shamba la Zubeir na vifundo vya miguu Mahzur. Pasipo kipimo, wema wa aliye juu ni sadaka tu, na mwenye kuishi kwa sadaka hana usingizi.

Basi jawabu la suala ni hili. Mtende uliokufa kwa kiu unao waliouua. Aliyezuia zaidi ya haja yake ni mmoja wao, na aliyeharibu kilichomfikia ni mmoja wao, na aliyeweza kuweka mpaka akafanya ajizi ni mmoja wao. Kila mmoja ataulizwa kwa sehemu yake, wala sehemu ya mwenziwe haitampunguzia yake.

Na mtu wa pwani asisome khabari hizi kama mtu atazamaye moto wa mtaa wa pili. Mwenye nyumba ya kwanza katika bomba ni mtu wa juu, na nyumba ya mwisho ni Basra yake. Mwenye kuchimba kisima kirefu na kukivuta kwa mtambo usiku na mchana karibu na bahari, hata visima vya majirani vikageuka chumvi, ni mtu wa juu. Mwenye kutawadha akauacha mfereji wazi, naye amepata khabari kwamba Mtume S.A.W. alikataza israfu ya maji hata kwa mtu aliye katika mto upitao, huyo ameanza kujizoeza jambo ambalo dola kubwa zimelimaliza. Ni wachache wasio na mtu chini yao, na aliye chini, aghalabu, hana njia ya kufikisha sauti juu. Maji huteremka, hayapandi na malalamiko.

Mwenyezi Mungu awape wenye kushika milango ya maji macho ya kuwaona wasio mbele yao, na awarejeshee watu wa mito miwili haki yao pasi na vita. Na Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi zaidi, na kwake ndiko marejeo.